Posho ya kuanza: wenye pikipiki zao na mgomo wa Assen, 1955

Safari hii historia yetu inatoka mbali, mji wa Assen, kaskazini mwa Uholanzi, Jumamosi tarehe 16 Julai 1955. Siku hiyo kulikuwa na mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia. Uwanja ulikuwa mpya, mzunguko wa kilomita 7.7 uliokuwa unatumika kwa mara ya kwanza, na watu walikuwa wamejaa kandokando. Mbio za pikipiki za sisi 350 zikaanza. Mzunguko mmoja tu, halafu kundi zima la waendeshaji likaja polepole, likatoka barabarani na kuzima injini. Hawakuanguka. Pikipiki zao hazikuharibika. Waligoma.

Walichokuwa wanadai ni posho. Kwenye mbio za zamani mwandaaji alimlipa kila mwendeshaji kiasi fulani ili tu aje asimame mstarini, hata kabla ya kujulikana nani atashinda. Bingwa alilipwa nyingi, asiyejulikana alilipwa kidogo, na wengine hiyo kidogo haikutosha hata mafuta ya gari la kuwafikisha mbio zinazofuata. Tutaiita posho ya kuanza, maana ndivyo ilivyokuwa.

Na neno posho sote hapa tunalijua. Mkimbizi anayetafsiri kliniki, anayefundisha darasa la tatu, anayepita nyumba kwa nyumba na daftari la afya, anapewa posho. Aliyekaa naye meza moja anapewa mshahara. Saa za kazi ni zilezile. Ndiyo maana habari ya hawa wazungu na pikipiki zao ilitushika. Na ndani ya kundi letu wapo wanaoendesha boda, au moto, au piki, kila mji na neno lake, ambao jioni lazima wapeleke hesabu kwa mwenye chombo. Hao hawahitaji kuelezewa kwamba anayemiliki chombo na anayekiendesha ni watu wawili tofauti.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mgomo haukuanzia Assen.

Mbio za pikipiki barabarani Uingereza zilikuwa na tatizo la sheria tangu mwanzo. Barabara za umma hazikuruhusiwa kufungwa, na mwendo ulikuwa na kikomo cha maili 20 kwa saa. Lakini katikati ya bahari, kati ya Uingereza na Ireland, kuna kisiwa cha Isle of Man chenye bunge lake chenyewe, Tynwald. Bunge hilo likakubali barabara zifungwe. Mwaka 1907 zikaanza mbio za TT, na kuanzia 1911 zikahamia njia ya mlimani, mzunguko wa karibu kilomita 60 unaopita vijijini, kwenye madaraja, kando ya kuta za mawe za watu, na kupanda mlima Snaefell. Viwanda vikaona faida. Pikipiki yako ikishinda TT Juni, inauzika Julai. Basi vikaanza kuajiri waendeshaji, kuwapa mashine maalumu ambazo dukani hazipo, na mafundi wa kuzihudumia.

Kijana wa klabu, anayefanya kazi juma zima na kufungua injini yake Jumamosi usiku, angefanyaje mbele ya watu hao? Klabu ya kisiwani, Manx Motor Cycle Club, ikamtafutia nafasi. Mwaka 1923 ikaanzisha mbio za watu wa ridhaa peke yao, kwenye njia ileile ya mlimani, mwezi Septemba. Masharti yalikuwa makali: usiwe umepata faida yoyote kutoka kwa wafanyabiashara wa pikipiki. Kwenye karatasi ilikuwa wazi kabisa. Kwenye maisha ya watu haikuwa wazi hata kidogo. Mwenye duka la pikipiki ni wa ridhaa? Na mtoto wake je? Na yule aliyeuziwa mashine kwa bei ya rafiki? Miaka sita walibishana juu ya neno moja, mpaka mwisho wa 1929 wakachoka. Kanuni zikaandikwa upya, neno "ridhaa" likaondolewa kwenye jina, na toka 1930 mbio zikaitwa Manx Grand Prix. Sisi tunaona walifanya vizuri kulitupa. Lile neno lilijifanya linapima moyo wa mtu, anapenda mchezo au anapenda pesa, wakati jambo lililokuwa linawatenganisha lilikuwa rahisi zaidi: nani amenunua pikipiki.

Kwenye mbio hizo za klabu ndiko alikotokea mtu tunayemhitaji katika hadithi hii, Geoff Duke. Alizaliwa 1923 St Helens, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na alihudumu jeshini kitengo cha mawasiliano. Mwaka 1949 alishinda mbio kubwa ya Clubman's TT, yaani TT ya wanachama wa klabu wenye pikipiki za kawaida za dukani, na mwaka uleule akashinda Manx Grand Prix ya pikipiki kubwa. Kiwanda cha Norton kikamchukua. Mwaka 1950 akashinda Senior TT, na 1951 akawa bingwa wa dunia mara mbili kwa mkupuo, sisi 350 na 500. Huyu ndiye aliyemwendea fundi cherehani amshonee suti ya ngozi ya kipande kimoja inayobana mwili, ili upepo usimshike. Watu walishangaa. Leo hakuna anayeingia kwenye mbio bila suti ya namna hiyo. Mwaka 1953 alihamia Gilera ya Italia na kuchukua ubingwa wa 500 miaka mitatu mfululizo, 1953, 1954 na 1955.

Kwa hiyo mwaka wa Assen, Duke alikuwa juu kabisa. Mkataba, mafundi, Gilera ya silinda nne. Hakuwa anaidai posho ya mtu yeyote.

Wengine mstarini walikuwa na Norton Manx na AJS 7R. Zote zilikuwa za silinda moja, na zote ziliuzwa: ukiwa na fedha unaagiza, unapewa, unaenda nazo mbio. Ni mashine nzuri, tusizidharau. Fremu ya Norton iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, akina McCandless, ilikuwa imara kuliko za wengi, na kwenye kona mwenye Manx aliweza kumfuata mtu wa Gilera. Ila kona ikiisha, barabara ikinyooka, silinda nne zinaondoka zako unaziangalia. Hakuna ujasiri unaoziba pengo hilo. Ukishika nafasi ya tano au ya sita nyuma ya viwanda, umeshinda mbio zako.

Watu hawa waliishi vipi? Kuanzia Aprili hadi Septemba walikuwa njiani. Walitoka Australia, New Zealand, Rodezia, Uingereza, na walizunguka Ulaya kwa magari ya mizigo: nyuma pikipiki mbili, godoro, sanduku la spana, jiko la mafuta. Majira ya baridi walikaa wakiandika barua kwa waandaaji wa Ufaransa, Ubelgiji, Ufini, kuomba nafasi na kubembeleza posho. Wake zao walipika, waliosha, walishika saa na daftari kuhesabu mizunguko. Huko Ujerumani Mashariki unalipwa pesa ambazo ukivuka mpaka hazina kazi, hivyo unanunua bidhaa kabla ya kutoka. Kikundi hiki kinachohamahama kilijulikana kama Continental Circus, sarakasi ya bara. Mtu anayesoma haya akiwa na mahema karibu yake asije akafikiri tunalinganisha. Wao walikuwa na pasipoti na walirudi kwao walipotaka. Na katika majina makubwa ya msafara ule, hata wale waliotoka Rodezia, hatukutani na Mwafrika mweusi. Hilo nalo ni sehemu ya historia hii.

Kuna jambo la ajabu kuhusu posho zao. Mbio ndogo za mjini, zisizo na pointi za dunia, mara nyingi zililipa vizuri kuliko Grand Prix. Kwa nini? Kwa sababu mwandaaji wa Grand Prix alijua utakuja tu. Unataka pointi, unataka jina lako gazetini, unataka kiwanda kikuone. Njaa yako ya kuonekana anaihesabu kama malipo. Umati umelipa kiingilio, uwanja umejaa, na watu 25 au 30 wako mstarini, lakini wa viwanda ni wachache. Waliobaki wote ni wenye pikipiki zao. Waondoe hao, uone kama kuna mbio.

Ndicho walichofanya Assen. Waliwaambia waandaaji posho iongezwe, waandaaji wakakataa. Basi kwenye sisi 350 wakaendesha mzunguko mmoja, wakatimiza neno la mkataba kwamba wameanza, wakaingia pembeni. Mbio ziliendelea, Ken Kavanagh wa Moto Guzzi akashinda, ila barabara ilikuwa tupu na watu kwenye majukwaa walikuwa wanaulizana.

Mbio kubwa za 500 zilikuwa bado. Hapo ndipo Duke na mwenzake wa Gilera, Reg Armstrong kutoka Ireland, waliposimama upande wa waliogoma. Ujumbe kwa waandaaji ulikuwa kwamba kama hawa hawapati haki yao, na sisi hatutaendesha. Tafakari hilo. Umati uko pale, bingwa wa dunia anasema haendeshi. Waandaaji wakakubali kuongeza. Mbio za 500 zikafanyika, Duke akashinda, Armstrong akawa wa pili.

Kama ingeishia hapo ingekuwa hadithi tamu ya kusimulia watoto. Shirikisho la kimataifa, FIM, halikusema kitu kwa miezi kadhaa. Mwisho wa mwaka likakaa kikao, likatoa adhabu. Duke alifungiwa miezi sita, kuanzia Januari 1956. Wenzake kumi na watatu nao wakafungiwa, wengi wao wakiwa haohao wenye magari ya mizigo na pikipiki mbili.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanamlilia Duke, na kweli aliumia. Ubingwa wa 1956 ulikuwa na raundi 6 tu, na mbili za kwanza, Isle of Man na Assen yenyewe, zilipita akiwa kifungoni. Kijana John Surtees, aliyekuwa ameingia MV Agusta, alishinda zote mbili, akashinda na ya tatu Ubelgiji, ambako Duke alirudi, akaongoza, halafu injini ikamwangusha. Surtees akawa bingwa. Duke hakupata tena taji la dunia. Lakini Duke alikuwa na mshahara wa Gilera. Sisi macho yetu yako kwa wale wengine. Kwa mtu anayeishi kwa posho ya wiki hadi wiki, nusu ya msimu bila leseni ni nusu ya chakula cha mwaka. Yeye hakuwa na kiwanda cha kumngojea. Adhabu ilikuwa moja kwenye karatasi, ila haikuwa na uzito mmoja.

Na tukitazama kwa jicho la mwandaaji? Wapo watakaosema mtu alisaini mkataba, akaja, akajua kiasi. Ni hoja. Wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma wanaijua, kwa sababu na wao wana bajeti iliyopangwa ofisi ya mbali. Tunachojibu ni kwamba mkataba ulisainiwa na mtu mmojammoja, kwa barua, kila mmoja gizani asijue mwenzake kapewa ngapi. Assen ilikuwa mara ya kwanza, mbele ya umati mkubwa namna ile, walipouliza wote pamoja.

Baada ya hapo mambo yaligeuka haraka. Mwisho wa 1957 Gilera, Moto Guzzi na Mondial walijitoa, gharama zimewashinda. MV Agusta ikabaki karibu peke yake kwenye 500, na nyuma yake miaka na miaka wale wa silinda moja. Mwaka 1968 Giacomo Agostini wa MV alishinda raundi zote 10 za sisi 500. Zote kumi! Aliyemaliza wa pili kwenye jedwali la dunia alikuwa Jack Findlay wa Australia, mwenye pikipiki yake.

Findlay tunampenda. Jina lake halisi lilikuwa Cyril. Alitaka kuanza mbio akiwa na miaka 15 wakati sheria inataka 18, akatumia karatasi za baba yake, na jina la baba likamganda maisha yote. (Mnaocheka, tunajua mnachekea nini.) Alikuja Ulaya 1958. Ushindi wake wa kwanza wa Grand Prix aliupata 1971 huko Ulster, miaka kumi na tatu baadaye, akiwa juu ya Suzuki. Miaka kumi na tatu ya godoro nyuma ya gari.

Godfrey Nash alishinda Yugoslavia mwaka 1969 akiwa na Norton ya silinda moja, siku ambayo MV haikuja. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa silinda moja kushinda mbio za 500 za dunia. Halafu kuna Kim Newcombe wa New Zealand, ambaye labda ndiye aliyefika mbali kuliko wote kwa akili ya kujitengenezea. Alifanya kazi Berlin Magharibi kwa König, watengenezaji wa injini za boti. Alichukua injini ya boti, akaijengea pikipiki. Mwaka 1973 akashinda Yugoslavia na kuwa wa pili kwenye ubingwa, mbele ya Agostini. Agosti mwaka huo alianguka Silverstone, kwenye kona aliyokuwa ameilalamikia kwamba haina marobota ya majani makavu ya kumpokea mtu. Alifariki. Nafasi ya pili ya dunia aliipata akiwa kaburini.

Kufikia hapo hoja haikuwa posho tena, ilikuwa uhai. Mei ya mwaka huohuo Monza walikufa Jarno Saarinen na Renzo Pasolini katika ajali moja. Basi 1974, kwenye Grand Prix ya Ujerumani Magharibi pale Nürburgring, waendeshaji wakubwa waliangalia barabara, wakaona marobota hayatoshi kuziba vyuma vya kando, wakakataa kuendesha. Agostini alikataa. Phil Read, bingwa mtetezi, alikataa. Waandaaji hawakuahirisha. Waliendesha mbio na waliokuwepo, Wajerumani wenyewe, watu wa kiwango cha nyumbani ambao siku nyingine wasingeonekana mbele. Edmund Czihak akashinda sisi 500, na ushindi huo uko kwenye vitabu vya ubingwa wa dunia hadi leo sawa na wa mtu mwingine yeyote.

Hapa kundi letu liligawanyika, na bado limegawanyika. Wengine wanasema Czihak na wenzake walivunja mgomo, kwamba mwaka 1955 bingwa aliacha taji lake kwa ajili ya watu wadogo, na 1974 watu wadogo hawakurudisha. Wengine wanasema subirini. Mtu umeendesha maisha yako yote nyuma ya viwanda, mara moja tu mstari wa mbele uko wazi, nyumbani kwenu, nani alikuja kukuuliza kabla ya kugoma? Mgomo wa Assen uliwashinda waandaaji kwa sababu wa chini ndio waliuanzisha na wa juu wakawaunga mkono. Wa Nürburgring ulianzia juu, na inaonekana ulibaki juu.

Mwaka 1979 bingwa wa Marekani Kenny Roberts na wenzake walitangaza kwamba wanaanzisha mbio zao wenyewe nje ya FIM. Hawakupata viwanja, mpango ukafa. Ila shirikisho lilikuwa limeshtuka, na pesa za zawadi zikapandishwa.